Vichezeo vya Ufukweni Tchomia na Malezi ya Mtoto Mwenye Ulemavu

Watoto wa Tchomia hujitengenezea vichezeo kwa mabaki ya uvuvi. Nyavu zilizochakaa huwa goli la mpira au machela ya mwanasesere, maboya yaliyokatika huchongwa mitumbwi midogo, na makopo ya sadini hugeuka magari yenye magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili kuukuu. Mpira wenyewe ni mifuko ya plastiki iliyokazwa kwa kamba. Kwa mtoto mwenye ulemavu utajiri huu una thamani ya pekee, maana kifaa chake cha kwanza cha mazoezi kinaweza kupatikana hapo hapo, bila duka na bila safari, kikatengenezwa na watu wanaomjua.

Mji huu wa wavuvi uko katika wilaya ya Djugu, jimbo la Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kando ya Ziwa Albert, yapata kilomita 60 mashariki ya Bunia. Sababu za ulemavu utotoni huku ni zile zile zinazojulikana mahali ambapo hospitali ni chache na barabara ni mbaya: uzazi uliochelewa kusaidiwa, manjano ya mtoto mchanga yasiyotibiwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, polio. Vita vimeongeza majeraha ya risasi na mapanga. Ituri pia ina maeneo ambako kifafa kimeonekana kwa wingi pamoja na usubi, ugonjwa unaoenezwa na nzi weusi wa kando ya mito iendayo kasi.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi huwa na misuli inayokaza na vidole vilivyojikunja ngumi. Kumnyoosha vidole kwa nguvu humuumiza na kumtia woga, ilhali kichezeo anachokitaka humfanya aukunjue mkono mwenyewe. Mtumbwi wake basi hufungwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli hadi mshiko uwe mnene wa kutosha, kisha hulazwa upande wa mkono dhaifu, si ule ulio hodari. Asiyeweza kuketi huchimbiwa shimo la kina cha nyonga kwenye mchanga, ambao Tchomia haukosi. Mchanga humshika kiuno, mikono ikabaki huru kucheza. Anayejifunza kutembea hupewa kigari cha mbao cha kusukuma, kilichowekewa mawe kisimkimbie. Mpira wa mtoto asiyeona hutiwa punje za mahindi ndani ya kopo dogo katikati yake, naye huufuata kwa sikio. Mtoto kiziwi hufundishwa ishara za nyumbani kwa mwanasesere: kula, kulala, kuoga, mama anakuja.

Maarifa ya namna hii yalikusanywa na mwandishi David Werner katika kitabu kilichotoka mwaka 1987, kilichotokana na kazi ya wanavijiji wa milima ya Meksiko, wengi wao wakiwa walemavu wenyewe. Msingi wake ni kwamba kifaa hutengenezwa kumfuata mtoto fulani na kazi anayotaka kuifanya, kwa vitu vilivyopo kijijini. Wavuvi, ambao mikono yao imezoea kufunga mafundo na kushona nyavu, tayari wana nusu ya ufundi huo.

Lakini mazoezi si yote. Daktari wa watoto Donald Winnicott wa Uingereza alieleza mwaka 1953 jinsi mtoto mdogo anavyochagua kitu kimoja, kitambaa au mwanasesere, kikamtuliza mama asipokuwapo. Alionya kwamba hata kukifua kunaweza kukiharibu machoni pa mtoto, kwa sababu harufu yake ni sehemu ya kukijua. Mtoto asiyeweza kusema, au anayevurugwa na kelele na watu wapya, hukishika kitu hicho kwa muda mrefu kuliko wenzake. Kumpokonya akiwa na miaka minane au kumi ati amekua ni ukatili, hata ukifanywa kwa nia njema.

Na Tchomia imepoteza mengi. Mji ulishambuliwa tarehe 31 Mei 2003, watu wengi wakauawa. Mwanzoni mwa 2018 makumi ya maelfu ya watu wa Djugu walivuka ziwa kwenda Hoima, Uganda, wamejazana mitumbwini, na wengi wakapelekwa kambi ya Kyangwali. Septemba mwaka huo huo Ebola ikathibitishwa Tchomia, ugonjwa ambao vitu laini vilivyochafuliwa nao, visivyosafishika kwa maji ya klorini, huteketezwa. Katika mikimbio ya namna hiyo hakuna anayehesabu kichezeo kilichoachwa, wala haipasi kumlaumu mama aliyebeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Kinachosaidia ni kukitengeneza upya mapema, kwa kitambaa au mti wa aina ile ile, mtoto mwenyewe akishika kamba au akichagua rangi.

Kichezeo pia humtoa mtoto uani. Mwenye gari zuri la waya hufuatwa na watoto wa jirani, hata kama yeye ameketi na wao ndio wanaokimbia. Hili ni zito mahali ambapo kifafa na ulemavu bado hunasibishwa na uchawi, ingawa sheria ya Kongo ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Uangalizi unabaki kwa wakubwa: ncha za waya zikunjwe, ndoana zikae mbali, na mtoto mwenye kifafa asiachwe peke yake majini hata kidogo.

Vituo vikubwa vya viungo bandia na mazoezi, kama Shirika la Umoja mjini Goma na Heri Kwetu mjini Bukavu, viko mamia ya kilomita kutoka Tchomia. Familia inayofunga safari hiyo inafaa iweke kichezeo mzigoni, kwa kuwa mbele ya mgeni mtoto hujikunja na kukataa kila anachoambiwa, lakini akipewa mtumbwi wake mtaalamu huona mkono unafika wapi na unashika nini.