Watumishi Wanaopima Afya ya Raia

Aghalabu mtu asikiapo habari za afya ya taifa, fikira zake humwendea tabibu na mwuguzi, kwani hao ndio waliomhudumia siku alipougua. Wala hamkumbuki mtumishi yule ambaye, katika ofisi ya wilaya au ya wizara, huyachunguza maradhi yanayowaua raia, huzikagua fedha zilizotengwa kuyakabili, kisha huwaeleza wenye mamlaka, bila ya hofu wala upendeleo, iwapo mambo hayo mawili yanalingana. Hiyo ndiyo kazi ya utafiti na uendeshaji wa sera za afya, na manufaa yake yalidhihirika hapa Tanzania katika wilaya za Rufiji na Morogoro.

Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na wataalamu wa Kanada, iliazimia kujua kama wilaya maskini yaweza kuokoa maisha zaidi kwa kuipanga bajeti yake kwa mujibu wa ushahidi, badala ya kufuata mafungu ya mwaka uliopita. Lakini ushahidi wenyewe ulikuwa adimu, maana watu wengi walifia majumbani na vifo vyao havikuingia katika daftari la hospitali yoyote. Kwa hiyo huko Rufiji wadadisi walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne, wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Na palipotokea msiba waliketi na jamaa wa marehemu, wakauliza kwa upole homa ilianza lini, pumzi zilikuwaje, mgonjwa alipelekwa wapi, hata madaktari wakaweza kukadiria sababu ya kifo kutokana na maelezo hayo.

Hesabu za vifo zilipowekwa kando ya hesabu za fedha, ilionekana kwamba Morogoro malaria ilikuwa ikichukua kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali fungu lake katika bajeti ya 1996 lilikuwa asilimia 5 tu. Hapakuwa na mtu aliyeikusudia dhuluma hiyo; ilizaliwa na mazoea. Timu za afya za wilaya zikaelekeza fedha kwenye vyandarua na matibabu bora ya watoto, na nyongeza ya fedha ambayo ziliweza kuitumia haikufika dola moja ya Marekani kwa kila mtu kwa mwaka. Rufiji, baina ya 1999 na 2000, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 hadi 72 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Mtafiti mwadilifu hadai kwamba mpango wa bajeti peke yake ndio ulioleta heri yote hiyo; na uadilifu huo ndio rasilimali yake ya kwanza.

Fauka ya uadilifu, atakayeishika kazi hii yampasa ajue takwimu, uchumi, mwenendo wa maradhi katika jamii na kanuni za fedha za serikali, tena aweze kuyaandika ayajuayo katika ukurasa mmoja ambao diwani asiye tabibu atausoma akauelewa.

Basi kijana mwenye akili ya hesabu na moyo wa huruma na aifikirie kazi hii kwa dhati; nao madiwani, kabla ya kuipitisha bajeti, na wamwite mtumishi huyu wamwulize watu wetu wanakufa kwa maradhi gani, na fedha zetu zinakwenda wapi.