Kabla ya kuvaa bote, pindua kwanza

Ndani ya nyumba ya baba mukubwa wangu, kule Likasi, kuko kazi moja ambayo ni ya mujukuu wake tu, musichana wa miaka 9. Kila siku, mbele kambo aende posti, mutoto anakamata bote zake, anazipindua, anazigongesha pa simenti, kisha anaingiza mukono mupaka kule mwisho, fasi ya vidole. Anatafuta kajiwe, musumari, kipande cha waya, udongo uliokauka na kuwa mugumu. Akimaliza anaita kwa sauti: « Kambo, bote iko muzuri! » Hapo tu muzee anavaa.

Hiyo kazi haikuanza kwa muchezo. Miaka mine iliyopita baba mukubwa alifanya posti nzima, masaa 8, na kabuloni kadogo ndani ya bote ya kuume. Hakusikia kitu. Aliporudi nyumbani, mama mukubwa njo aliona shoseti imelowa damu.

« We baba, umejikata wapi? »

« Mi? Sijajikata. »

Wakabishana kwanza. Kisha wakatazama chini ya muguu: kuko katundu, kama kamechomwa na sigara, na hakaumi hata kidogo. Kwa sababu hakaumi, wakatia maji ya chumvi, wakafunga kitambaa, na kesho yake muzee akarudi kazini. Juma la tatu muguu ukaanza kunuka. Pa lopitali walikata vidole viwili. Munganga alisema wazi kwamba kama wangechelewa tena siku chache, wangekata muguu wenyewe.

Baba mukubwa alijua kama ana ugonjwa wa sukari tangu miaka miwili mbele ya ile siku. Vidonge alikunywa, lakini kwa kuficha, na pa kazi hakusema kwa mutu. « Wakisikia niko na sukari, watasema huyu ameisha, » njo vile alituambia kiisha. Yeye ni mumoja wa wale zaidi ya 10.000 waliotoka Gécamines kwa départ volontaire, mwaka 2003. Kabla ya hapo, mufanyakazi akigonjwa, lopitali ya kampuni ilikuwa pale, na jamaa yake yote vilevile. Kisha akachimba na mikono, kisha akapata kazi kwa sous-traitant. Mutu aliyepoteza kazi mara moja, ana woga wa kuipoteza mara ya pili. Mi siwezi kumuchekelea.

Ninaandika basi kwa wewe mwenye kuvaa bote, na zaidi kwa yule mwenye kufua shoseti zako, maana ugonjwa wa sukari unachungwa nyumbani na pa kazi, siku kwa siku. Munganga unamuona mara moja kwa mwezi, tena kama una feza ya transport.

Tuanze na miguu, juu ya mwenye kuchimba mali yake ni miguu. Sukari ikikaa juu ndani ya damu miaka na miaka, inaharibu mishipa ya kusikia maumivu, na inaanza na ile mirefu kuliko yote, ile inayofika pa vidole vya miguu. Kwanza unasikia kama sindano zinakuchoma, ao kama unakanyaga pamba. Kisha husikii tena. Pamoja na hiyo, damu haifiki vizuri kule chini, na kidonda kinakosa nguvu ya kupona. Sasa tia ule muguu ndani ya bote ya kauchu, na jasho, na maji ya shimo, masaa 8. Ngozi katikati ya vidole inakuwa nyeupe na laini, inapasuka, na microbe anapata mulango.

Kwa baba mukubwa, sasa wanafanya hivi kila mangaribi. Maji ya uvuguvugu, na anayeyapima ni mama mukubwa, na kiwiko chake. Muzee hayapimi na muguu wake, kwa sababu muguu ule unadanganya: maji yanaweza kumuunguza na yeye akasema iko baridi. Sabuni, kisha kitambaa kikavu, na kazi ya kweli iko katikati ya kidole na kidole, kukausha kimoja kimoja. Mafuta ya kupakaa yanaenda juu na chini ya muguu, si katikati ya vidole. Kisha kioo. Waliweka kipande cha kioo chini, na fremu yake ili kisikate mutu, muzee anainua muguu juu yake na kutazama. Macho yake hayaone tena vizuri, basi mutoto anatazama pamoja naye. Kucha zinakatwa sawa, bila kuzungusha pembe. Na giletti, ile ambayo wazee wetu wanapenda kutumia kwa kukata ngozi ngumu ya kisigino, ilitupwa. Tena hakuna kutembea miguu wazi, hata usiku kwenda choo.

Shoseti ni pea mbili: moja ya kuvaa, moja ndani ya plastiki ya kubadilisha kama maji yameingia. Bote mupya haivaliwi posti nzima siku ya kwanza. Unaivaa saa moja ao mbili, unatoa, unatazama kama kuko fasi nyekundu. Na kidonda chochote, hata kadogo kama punje ya mahindi, hata kama hakiumi, unaenda kituo cha afya siku ile ile. Kwa mutu wa sukari, kidonda kisichouma njo cha kuogopa zaidi.

Neno la pili ni kamashini ka kupima sukari. Wengi wanako nyumbani, zawadi ya mutoto aliye Lubumbashi ao wapi, na kamelala ndani ya kabati, maana kinachokula feza ni tukaratasi twake twa kupimia, mashini yenyewe haina shida. Mbele ya kununua, beba mashini pa farmasi: tukaratasi twa mashini moja hatuingie kwa nyingine. Tazama tarehe pa kikopo, na funika kikopo kila mara, unyevu unatuharibu. Nawa mikono na sabuni na ukaushe. Ukiisha kula embe na hukunawa, mashini itapima sukari ya embe. Choma pembeni ya kidole, si katikati, na kesho badilisha kidole. Kila mutu na sindano yake. Zilizotumika zinaenda ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko, si pa takataka ambapo batoto banacheza.

Kama tukaratasi ni tuchache, usitumalize kwa siku mbili. Baba mukubwa anapima mara tatu kwa juma, kwa hila: siku moja asubuhi mbele ya kula, siku nyingine saa mbili kiisha kula bukari, siku ya tatu pa mwisho wa posti. Anaandika ndani ya kaye ya shule: tarehe, saa, namba, na neno moja tu, kama « bukari mingi » ao « usiku ». Mwisho wa mwezi munganga haulizi tena « unajisikia namna gani? » Anasoma kaye na kuona wapi sukari inapanda. Kwa kukumbuka tu: mutu ambaye hajakula tangu jana na ana 126 ao zaidi, na siku ingine tena vile, huyo ana ugonjwa wa sukari. Pa karatasi zingine inaandikwa 1,26, ni kitu kimoja. Na chini ya 70 ni hatari ya upande mwingine.

Hatari hiyo ya upande mwingine njo inaua mutu shimoni, na watu wanaizungumuza kidogo sana. Kidonge cha glibenklamidi, na insulini pia, vinashusha sukari, ukule ao usikule. Mutu anameza kidonge chake asubuhi saa kumi na moja, anakosa chakula, anashuka kubeba mawe. Saa nne anaanza kutetemeka, jasho baridi, moyo unapiga mbio, macho yanaona mbili mbili. Anasema maneno yasiyo na kichwa. Wenzake wanacheka, wanasema amekunywa lutuku. Kapita anamufukuza kama mulevi, ao wanamuacha alale pembeni, na pale anaweza kufa.

Dawa yake ni ya bei ndogo: vipande 3 vya sukari, ao nusu ya chupa ndogo ya sukre, ile ya kweli, isiwe ile ya bila sukari. Unakula, unakaa, unangoja dakika 15. Kama bado unatetemeka, unarudilia. Kisha unakula chakula cha kweli. Mutu aliyezimia kabisa usimutie kitu kinywani, atakabwa. Mulaze upande na mumukimbize lopitali. Baba mukubwa ana vipande vyake vya sukari ndani ya plastiki ya kufunga, mufukoni, na mwenzake wa posti ana vingine. Metformini peke yake haileti shida hii kirahisi, lakini hiyo nayo unaikunywa na chakula, ama tumbo litakusumbua.

Lakini vipande vya sukari mufukoni havina maana kama hakuna mwenye kujua. Pa kazi yake ya sasa, muzee alisema siku ya kwanza. Alienda kwa kapita, kofia mukononi, akamwambia: « Chef, niko na bugonjwa ya sukari. Mukiniona nasema bovyo-bovyo, banipe sukari, basinifukuze. » Kapita akamutazama, akafungua mufuko wake, akamuonyesha kikopo cha vidonge. Na yeye pia.

Sisemi kila kapita atafanya vile. Kuko fasi ambapo mutu akisema, kesho jina lake haliko pa liste, na ninajua hiyo. Pale, sema angalau kwa mumoja, yule unayeshuka naye.

Posti za kuzunguka zinaleta fujo nyingine. Juma moja asubuhi, juma moja mangaribi, juma moja usiku, na karatasi ya munganga inasema « asubuhi na mangaribi ». Asubuhi ya nani? Mutu wa posti ya usiku analala mchana; akimeza dawa na kulala bila kula, sukari inashuka ndani ya usingizi. Usijipangie mwenyewe. Enda na programu yako ya posti, umuombe munganga akuandikie saa za dawa kwa kila juma.

Kuhusu chakula sitaongea sana, mabibi wanajua kupika kunipita. Lakini kuko uongo mumoja wa kutoa: ati bukari ya mihogo haina sukari. Ya mahindi, ya mihogo, ya kuchanganya, zote zinageuka sukari ndani ya damu. Wazee wa camp walikomalia na poso, na kazi ya nguvu ilikuwa inachoma ule unga. Leo mutu anaketi ndani ya mashini kubwa siku nzima na bado anakula mulima ule ule. Baba mukubwa anakula bukari ya ukubwa wa ngumi yake, na nusu ya sahani ni majani: lenga-lenga, matembele, sombe isiyoogelea ndani ya mafuta, pamoja na maharagi ao samaki. Siku za kwanza alikasirika. Sasa anasema tu kama ngumi ya mama mukubwa ni kadogo.

Kikohozi nacho. Vumbi la mawe linaharibu mapafu na kufungua njia kwa kifua kikuu, na ugonjwa wa sukari unaifungua tena mara mbili ao tatu. Mutu mwenye vyote viwili akikohoa juma mbili, apimwe makohozi bila kungoja, na aseme dawa zote anazokunywa, kwa sababu dawa za kifua kikuu zinaweza kupunguza nguvu ya zile za sukari.

Kwa wale wa insulini, shida ni baridi. Jirani yao ana kijana anayejichoma tangu miaka 11, na nyumba haina frigo. Mama yake alitia chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati akajaza muchanga, na anaumwangia maji asubuhi na mangaribi, kisha anafunika na kitambaa kibichi. Maji yakikauka yanabeba joto. Inafanya kazi vizuri wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu. Wakati wa mvua inapunguka. Chungu hakifikie digri 2 mupaka 8 zinazotakiwa kwa insulini isiyofunguliwa, tusidanganyane. Basi akiba inabaki ndani ya frigo ya kituo cha afya, na yeye anabeba chupa moja tu, anaandika pa karatasi yake tarehe ya kufungua, na kiisha juma 4 anaitupa hata kama kumebaki. Iliyoganda na barafu inatupwa. Ile ya maji meupe kabisa ikianza kuwa na ukungu, inatupwa pia.

Na wewe ambaye hujapimwa: kama unaamuka usiku mara tatu kukojoa, kiu haiishe, suruali inalegea na hukufunga, ama kidonda kinakataa kupona, enda asubuhi pa kituo cha afya bila kula. Ni tone moja la damu na dakika moja, na saa ya posti ya pili utakuwa umerudi.