Usisaini Ukiwa Unatoka Jasho

Agosti iliyopita, hapa Houston, Mama alinipigia simu saa kumi jioni. "Mwanangu, AC imekufa. Nyumba imekuwa tanuri." Nilikuwa kazini. Nikatafuta kampuni ya kwanza niliyoiona mtandaoni, nikamtumia fundi.

Fundi alikaa dakika 15, akasema kompresa imekwisha na mfumo mzima lazima ubadilishwe: dola 9,800, na bei ni ya leo tu. Mama ana presha, na joto nje lilikuwa digrii 38. Nikamwambia kwenye simu, "Saini tu, Mama, nitalipa kidogo kidogo."

Akanijibu, "Kwanza anionyeshe kilichokufa."

Fundi hakuonyesha kitu. Mama akamlipa ada ya kuja kuangalia, akamsindikiza mlangoni.

Sitaficha, nilikasirika. Nilidhani Kiingereza kimempiga chenga. Usiku huo akalala kwangu. Kesho yake fundi wa pili, tuliyeelekezwa na jirani, alifungua mashine ya nje akamwonyesha Mama kapasita, kikopo kilichovimba juu. Hicho ndicho kinachosaidia feni na kompresa kuanza kuzunguka. Kikifa, kompresa nzima kabisa inaweza kuonekana imekufa. Alikibadilisha kwa dola 210, kazi ikiwemo. (Usikiguse mwenyewe. Hubaki na umeme hata swichi ikizimwa.)

Tangu hapo nafanya hivi:

Leseni. Hapa Texas, kontrakta wa AC lazima awe na leseni ya TDLR. Namba yake huanza na TACLA au TACLB na inatakiwa iwe kwenye gari na kwenye ankara. Iangalie kwenye tovuti yao, ni bure.

Gesi. Gesi ya AC haiishi kama mafuta ya gari. Ikipungua, inavuja mahali. Fundi anayejaza kila mwaka bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kilekile tena na tena. Na kama mashine yako ni ya R-22, ujue Marekani ilisimamisha kuitengeneza na kuiingiza tangu 2020, kwa hiyo iliyobaki ni ghali.

Bei kwa maandishi. Kipuri kipi, kazi kiasi gani, waranti ya muda gani. Kazi ikiwa kubwa, pata bei za watu watatu.

Fundi wa kindugu. Tunampenda, anatoka kwetu, atatupunguzia. Lakini sheria inataka anayeshika gesi awe na cheti cha EPA. Muulize, hata kama mnasali pamoja.

Baadaye nilimwomba Mama msamaha. Akacheka. "Dar, redio ikiharibika nilikuwa nakaa na fundi kwenye benchi mpaka afunge skrubu ya mwisho. Wewe ulidhani hapa mafundi ni malaika?"

AC ileile bado inapuliza. Wikendi hii naenda kumbadilishia chujio.