Kompyuta Inapokataa Mtandao: Tutafute Kabla ya Kulaumu

Katika nyumba nyingi siku hizi kompyuta mpakato, ile ambayo wengi tunaiita laptopu, imekuwa chombo cha familia nzima. Kijana aliyemaliza kidato cha sita huomba nafasi ya chuo kwa njia ya intaneti. Maombi ya mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupitia huko huko, na hata cheti chake cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA kwa njia hiyo. Maombi haya yana siku ya mwisho, na siku hiyo haimngojei mtu.

Hebu fikiria nyumba moja kule Kinjumbi, wilayani Kilwa. Zimebaki siku mbili dirisha la maombi lifungwe, na kompyuta haiunganishwi na mtandao wowote. Baba anamlaumu mtoto mdogo kwamba ameiharibu kwa michezo. Kijana mkubwa amenuna. Jirani anashauri ipelekwe kwa fundi Kilwa Masoko, nayo nauli ni fedha ya unga. Mama afanye nini?

Katika Injili ya Luka, sura ya 15, Bwana Yesu alisimulia habari za mwanamke aliyepotelewa na sarafu moja kati ya kumi. Mwanamke yule hakuanza kwa kuwatuhumu watu wa nyumbani. Aliwasha taa, akafagia, akatafuta kwa uangalifu mpaka akaiona. Basi nasi tutafute kwa utaratibu, kona moja baada ya nyingine.

Je, kasoro iko nje au ndani?

Swali la kwanza ni hili: je, vifaa vingine vinapata mtandao? Chukua simu yako na ujaribu kufungua ukurasa wowote wa intaneti. Ikiwa simu nayo imekwama, basi kompyuta haina kosa. Huenda bando limekwisha, au umeme umekatika kwenye mnara, au uko mahali ambapo mawimbi hayafiki vizuri. Katika nchi yenye vilima kama ile ya Umatumbi, kupanda hatua chache tu kwaweza kuleta tofauti.

Wakati mwingine kasoro huwa mbali zaidi. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, na mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga. Siku chache baadaye, Jumapili ya tarehe 12 Mei, ambayo ilikuwa Siku ya Mama Duniani, nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikazorota Tanzania nzima na katika nchi jirani. Mama aliyekuwa akingoja salamu za mwanawe siku ile angeweza kuifungua kompyuta na kuifunga mara mia bila kupata kitu, kwa kuwa tatizo lilikuwa baharini.

Ikiwa simu inapata, kompyuta haipati

Hapo sasa tuigeukie kompyuta. Fuata hatua hizi kwa mpangilio:

1. Tazama alama ya ndege kwenye kona ya chini ya kioo. Ikiwa imewaka, mawasiliano yote yamezimwa. Kompyuta nyingi zina kitufe chenye picha ya ndege au ya mnara, na kidole cha mtoto hukigusa kwa urahisi. Bonyeza tena.

2. Zima kompyuta kabisa, kisha iwashe. Kufunika kifuniko peke yake si kuzima. Zima na uwashe pia hotspoti ya simu.

3. Angalia tarehe na saa. Kompyuta iliyokaa muda mrefu bila moto yaweza kurudi nyuma miaka kadhaa. Kurasa za benki na za serikali hutumia vyeti vya usalama vyenye tarehe, kwa hiyo saa ikikosewa zitakataa kufunguka ingawa mtandao upo.

4. Ikiwa kompyuta inaliona jina la mtandao lakini haiingii, iamuru iusahau mtandao ule, kisha andika upya neno la siri. Kumbuka kwamba herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja.

5. Ikiwa haioni mtandao wowote, wala wako wala wa jirani, chukua waya wa kuchajia simu, ule unaopitisha na data, uunganishe simu na kompyuta. Halafu kwenye simu, mahali pa hotspoti, chagua kugawa intaneti kwa waya. Njia hii haitumii waifai ya kompyuta hata kidogo.

Hatua ya tano ni kipimo kizuri. Ikiwa mtandao unapatikana kwa waya, basi kasoro imo kwenye kifaa cha waifai au kwenye programu inayokiendesha. Kijana apeleke maombi yake kwanza kwa waya huo huo, matengenezo yangoje.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Mweleze fundi yale uliyokwisha kujaribu. Anayejua hali ya mgonjwa wake hauziwi dawa asiyoihitaji. Kabla ya kumwachia kompyuta, nakili kazi zote muhimu kwenye flashi, hasa vyeti vya watoto na hesabu za kikundi, na usimkubalie afute kila kitu kabla hujafanya hivyo. Uliza pia bei ya kifaa kidogo cha waifai cha kuchomeka pembeni, ambacho mara nyingi huwa nafuu kuliko kufungua mashine. Sisi wa pwani tukumbuke vilevile kwamba hewa ya chumvi huleta kutu, hivyo kompyuta ihifadhiwe ndani ya mfuko wake, mbali na dirisha.

Amani ya nyumba

Mwisho, akina mama, tuwafundishe watoto kutongoja siku ya mwisho. Maombi yatumwe mapema, na majibu yaandaliwe kwenye daftari kabla ya kuwasha mtandao. Mashine ikigoma kabisa, fomu nyingi zaweza kujazwa kwa simu.

Na yule mdogo aliyelaumiwa? Ikionekana kwamba hakuwa na kosa, baba au mama amwambie hivyo waziwazi, mbele ya wale waliosikia akikemewa. Kifaa kilichoharibika hupatiwa kingine dukani, lakini moyo wa mtoto aliyeonewa hutengenezwa nyumbani tu, na sisi ndio mafundi wake.