Wakutubi wakibisha hodi bungeni, faida ni yako

Huenda una mtoto wa sekondari anayeamka mapema Jumamosi kukimbilia maktaba kabla viti havijajaa. Nyumbani chumba ni kimoja, redio ya jirani inanguruma na wadogo zake hawatulii. Maktabani kuna meza, mwanga na kimya.

Je, umewahi kujiuliza ni nani aliyehakikisha kwamba kiti hicho kipo?

Wengi watajibu kuwa ni serikali. Naam, ni kweli. Lakini serikali hutoa fedha palipo na sheria, na palipo na mtu wa kuikumbusha sheria hiyo. Mtu huyo mara nyingi ni chama cha wakutubi.

Mkutubi mmoja hawezi kazi hiyo peke yake. Yeye ni mwajiriwa, na akilalamika kwa sauti kubwa ataonekana mkaidi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Chama ndicho husema kwa niaba ya wote, bila kuhofia kuitwa ofisini.

Tutazame mfano wa Marekani, ambako Chama cha Maktaba kilianzishwa mwaka wa 1876 mjini Philadelphia. Mwaka wa 1945 chama hicho kilifungua ofisi Washington, karibu na wabunge. Wakati huo mamilioni ya watu wa mashambani hawakuwa na maktaba yoyote ya umma.

Mwaka wa 1946 mswada wa kusaidia maktaba za mashambani ukafikishwa bungeni. Haukupita. Mwaka wa 1950 ukaanguka kwa kura chache sana. Wengine wangekata tamaa, lakini wakutubi hawakuchoka. Walikusanya takwimu za watu wasio na maktaba, wakafika mbele ya kamati za bunge kueleza shida hiyo, na wakawaomba wazazi na wakulima waunge mkono.

Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Mnamo Juni 19, 1956, Rais Eisenhower alitia sahihi Sheria ya Huduma za Maktaba. Iliruhusu hadi dola milioni 7.5 kwa mwaka, kwa muda wa miaka mitano, zitumike katika sehemu zenye watu wasiozidi 10,000. Magari yaliyosheheni vitabu yakaanza kufika vijiji ambavyo havijawahi kuona maktaba.

Hapa pana funzo kubwa. Ingawa sheria iliruhusu dola milioni 7.5, mwaka wa kwanza bunge lilitoa takriban dola milioni mbili tu. Kupitisha sheria ni jambo moja, na kutoa fedha ni jambo lingine. Ilibidi chama kirudi kubisha hodi kila bajeti iliposomwa. Kufikia mwaka wa 1964 sheria hiyo ilipanuliwa, ikahusu pia miji na ujenzi wa maktaba. Aidha, sheria ya mawasiliano ya mwaka wa 1996 iliziwezesha shule na maktaba kupunguziwa gharama za simu na intaneti kwa kati ya asilimia 20 na 90. Katika hilo pia chama kilikuwa mstari wa mbele.

Pengine utauliza: je, wakutubi hawa hawajipigii debe tu? Swali hilo ni la haki. Bila shaka mkutubi hunufaika kazi yake inapolindwa. Lakini sheria ya 1956 ililitaka kila jimbo liwe na mpango na lichangie fedha zake. Isitoshe, aliyepata kitabu ni mtoto wa mkulima.

Hata kilichopatikana hulindwa. Machi 2025, Rais Donald Trump aliamuru shughuli za idara ya serikali inayofadhili maktaba zipunguzwe. Mwezi uliofuata, chama hicho pamoja na chama cha wafanyakazi wa umma wakaenda mahakamani kuipinga amri hiyo.

Sasa turudi kwetu. Katiba ya mwaka wa 2010 inataja maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Maana yake ni kwamba mlango wa kubisha si ule wa Nairobi pekee. Kuna mabunge 47 ya kaunti, na katika kila moja maktaba inashindania fedha na barabara, zahanati na masoko. Kenya nayo ina chama chake cha wakutubi, lakini chama bila sauti ya wasomaji ni ngoma isiyo na wachezaji.

Ewe mzazi, nawe mwanafunzi, mna nafasi yenu. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni. Vilevile, umma una haki ya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Kabla ya kwenda, muulize mkutubi wako ni viti vingapi vinahitajika, ni vitabu gani havipo, na mlango hufungwa saa ngapi. Mpelekee mwakilishi wa wadi yako hesabu hiyo, kwani ni vigumu kuipuuza kuliko manung'uniko matupu.

Jumamosi ijayo mwanao akikosa kiti, usimwambie tu aamke mapema zaidi. Uliza bajeti ya maktaba hiyo ilijadiliwa lini, na nani alikuwepo kuitetea.