Nani Anayetembea Darini? Namna ya Kuwaondoa Panya, Popo na Kindi Bila Kuhatarisha Familia

Nyumba nyingi za Mgori zimebadilika sura. Tembe, ambayo paa lake la udongo lililala moja kwa moja juu ya miti, imeendelea kuipisha nyumba ya matofali, bati na dari. Si kwamba tembe haikuwa na panya, ilikuwa nao. Lakini nyumba mpya imeleta kitu ambacho tembe haikuwa nacho: chumba kizima kati ya bati na silingi bodi, chenye giza na joto, kisichokaliwa na mtu. Viumbe wa jirani hawakuchelewa kukigundua, na baada ya mavuno, mashamba yakishabaki matupu, ndipo wanapohamia kwa wingi.

Ombi linalosikika mara nyingi ni sumu. Makala haya yanamsihi mwananchi aanze kwingine, yaani kwenye tundu wanamopitia, na kabla ya hapo asikilize.

Kindi, ambaye wengine humwita kuchakuro, ni mnyama wa mchana. Akisikika ni asubuhi au alasiri, kwa mbio fupifupi juu ya bati. Panya huanza shughuli taa zikizimwa. Hukwaruza, huguguna na kukokota vitu. Popo hawakimbii, bali hulia kwa sauti nyembamba jioni, kisha jua likizama hutoka mmoja baada ya mwingine kwenye upenyo uleule. Kinyesi nacho hutoa ushahidi: cha popo kikipondwa kwa kijiti huwa unga wenye vipande vinavyong'aa vya wadudu, cha panya hakipondeki hivyo. Simama nje jioni mbili tatu ukitazama paa, nawe utajua mlango wao uko wapi.

Kindi hahitaji vita. Wanaoishi karibu na Msitu wa Mgori humwona zaidi, naye hufika nyumbani kwa tawi lililoinamia paa. Kata matawi yabaki umbali wa mita mbili au zaidi, kisha ziba tundu mchana akiwa ametoka. Ikiwa sauti za watoto zinasikika kiotani, vumilia wiki kadhaa wakue. Kumbuka pia kwamba wanyamapori hawawindwi bila kibali, kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

Popo wengi wanaokaa kwenye mapaa ya bati ni wale wadogo walao wadudu. Hawagusi nafaka, na kati ya wanaowala usiku wamo nondo na mbawakawa wanaoharibu mazao. Kosa linalofanywa kwao ni kuziba tundu mchana wakiwa wamelala ndani. Hufa humo kwa joto na njaa, harufu ikashuka vyumbani kwa majuma, na wengine hupenya hadi chumba cha kulala. Popo jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mara, na majira ya mvua, wadudu wanapokuwa tele, ndiyo ya kulea. Kazi hii basi ifanyike kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Ziba nyufa zote isipokuwa ule wanaotokea. Juu ya huo pigilia kipande cha nailoni laini, kikazwe juu na pembeni, kining'inie kama nusu mita chini ya tundu na upande wa chini ubaki wazi. Popo atokapo huteleza chini na kuruka. Arudipo hawezi kupata njia. Acha hivyo usiku saba, hakikisha hakuna anayetoka tena, kisha ziba kwa wavu wa chuma au lipu.

Panya ndiye mwenye madhara makubwa zaidi. Meno yake hayaachi kukua, kwa hiyo lazima agugune, na waya wa umeme uliopita darini ni mmoja wa vitu anavyovigeukia. Waya uliochunwa juu ya mbao kavu za kenchi unaweza kuunguza nyumba usiku watu wamelala; ukiona taa zinachezacheza katika nyumba yenye panya, mwite fundi umeme mwenye leseni. Mkojo wake nao una hatari. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa homa ya mgunda wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, ambako watu 20 walikuwa wameugua na 3 kufariki. Vimelea vya ugonjwa huo huenezwa kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwamo.

Mimba ya panya huchukua takribani siku 22, na watoto huanza kuzaa wakiwa na miezi kama mitatu. Kuua panya watano huku matundu yakiwa wazi ni kuchota maji kwa pakacha. Kagua kwanza mahali bati linapokutana na ukuta, chini ya fisha bodi, kwenye kofia ya bati na kila tundu la bomba au waya. Penye upana wa kidole gumba, panya mchanga hupita. Matambara, karatasi na povu la kuzibia havimzuii; tumia saruji, au wavu wa chuma wenye matundu madogo uliokazwa kwa misumari. Wakati huohuo tega mitego ya kubana kandokando ya ukuta, yenye dagaa au karanga za kukaanga, na uiendeleze wiki nzima baada ya kuziba, kwa kuwa baadhi watakuwa wamefungiwa ndani.

Nafaka isihifadhiwe darini. Mfuko usiopitisha hewa huua wadudu, lakini panya akiutoboa, hewa huingia na faida yake huisha. Uweke juu ya chaga, mbali na ukuta. Kihenge cha bati ni bora zaidi. Kilicho cha miti kivishwe kila mguu kipande cha bati chenye umbo la mwavuli, karibu mita moja kutoka ardhini.

Sasa sumu. Panya aliyekula sumu mara nyingi hufia mahali usipofika, au hujikokota hadi uani kuku na paka wakamla. Zinki fosfaidi, inayotumika sana nchini, hutoa gesi ya kuua ikikutana na asidi ya tumboni, na haina dawa ya kuipooza. Kibaya kuliko hicho ni vipakiti visivyo na lebo vinavyouzwa minadani, au kiuatilifu cha shambani kilichochanganywa na dagaa. Ikibidi kutumia sumu, iwe iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kwa ushauri wa afisa kilimo wa kata, ndani ya kisanduku ambacho mkono wa mtoto hauingii. Mtoto akiila, usimpe maziwa wala usimtapishe. Mkimbize zahanati pamoja na pakiti yake.

Kuhusu bundi, wazee wengi hawapendi alie juu ya paa. Imani ni ya mtu mwenyewe, ila bundi huyo amefuata panya, naye hula kadhaa kila usiku. Kumuua ni kuwapunguzia panya adui.

Darini kukiwa tupu, nyunyizia kinyesi maji yenye sabuni kabla ya kukizoa, nawe uwe umefunika pua na mdomo na kuvaa glavu. Kukifagia kikavu hurusha vumbi lenye ukungu unaoweza kudhuru mapafu. Aliyeng'atwa na popo au mnyama mwingine aoshe jeraha kwa maji tiririka na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni alama ndogo. Ukikuta panya wengi wamekufa bila kuwekewa sumu, usiwaguse: tauni, iliyoisumbua Lushoto kuanzia mwaka 1980 na Mbulu mwaka 2007, huenezwa na viroboto wanaomwacha panya aliyekufa. Mjulishe mtendaji wa kijiji au afisa afya wa kata siku hiyohiyo.