Tisa, Shahidi wa Daftari

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari nalo huandikwa na binadamu, na binadamu hukosea.

Tuseme ni jioni, katika duka moja la Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Tajiri anafunga hesabu. Daftari linasema mauzo ya siku ni shilingi 974,000, lakini fedha zilizomo katika droo ni 947,000. Zimepungua 27,000. Mara macho yote yanamgeukia kijana anayeuza.

Kabla kijana hajaitwa mwizi na kukatwa mshahara, hebu gawa hizo 27,000 kwa 9. Jibu ni 3,000 kamili, hakibaki kitu. Hapo ishuku kalamu kwanza: huenda tarakimu mbili zimepishana, 47 ikaandikwa 74.

Kwa nini tisa? Gawa 10 kwa 9, inabaki 1. Gawa 100, inabaki 1. Gawa 1,000, hata milioni, bado inabaki 1. Ndiyo maana 70 hubakiza 7, na 7,000 pia hubakiza 7. Tarakimu ihame nafasi, masalio yake hayabadiliki. Basi namba mbili zenye tarakimu zile zile, kama 47 na 74, hubakiza sawa, na tofauti yao lazima igawanyike kwa 9.

Kanuni hiyo hiyo hukagua hata namba kubwa, na wanahisabati wa Kiarabu waliitumia zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 59,851,347 Tanzania Bara na 1,889,773 Zanzibar, jumla 61,741,120. Jumlisha tarakimu za Bara: 42, yaani 4 na 2, unapata 6. Za Zanzibar: 43, unapata 7. Sita na saba ni 13, yaani 4. Sasa tarakimu za jumla kuu: 22, nazo ni 4. Zimekubaliana, bila mashine wala karatasi.

Hata hivyo, msikilizaji, shahidi huyu ana upofu wake. Zikikataana, hakika pana kosa. Zikikubaliana, bado kosa linaweza kujificha, kwani tarakimu zikipishana ndani ya jumla yeye hazioni. Na katika lile duka, mtu anaweza pia kuchukua 27,000 kamili. Tisa hutoa dalili, haitoi hukumu.

Kwa hiyo tajiri na afungue daftari, akae na kijana wake, wapitie mstari kwa mstari na risiti mkononi. Kazi hiyo haizidi nusu saa. Jina la mtu likishachafuka sokoni, nusu saa haitoshi kulisafisha.